Jua Seli za Shamba Lako, Uokoe Ng'ombe na Viazi Vyako

Wakulima wa skimu huwauliza maafisa wa kilimo na mifugo maswali mengi, lakini matatu kati ya hayo hurudi kila msimu. La kwanza ni hili: Mbona sindano ya penisilini yaweza kumponya ng'ombe ugonjwa wa kiwele, lakini haimsaidii ng'ombe mwenye ugonjwa wa kupe, ule ambao wafugaji huuita Isti Kosti? La pili: Mbona dawa ya ukungu huokoa viazi msimu huu, na msimu ujao viazi vikinyauka dawa ileile hainyanyui hata jani moja? La tatu: Mbona ng'ombe hula nepia ndefu iliyokomaa mpaka tumbo likajaa, na bado maziwa hayaongezeki?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali. Moja ni la magonjwa ya ng'ombe, la pili ni la viazi, la tatu ni la majani. Lakini yote yana mzizi mmoja. Mzizi huo ni seli, yaani zile chembe hai ambazo mwili wa kila kiumbe umejengwa kwazo, na hasa ukuta unaoizunguka seli, au kutokuwapo kwa ukuta huo. Mkulima akielewa jambo hili moja atajua dawa gani inafaa, ipi asiitupie pesa zake, na wakati gani wa kumwita daktari wa mifugo bila kukawia.

Jambo hili si la watoto wa shule peke yao. Tangu Skimu ya Ekari Milioni Moja ilipoanza mwaka 1962, mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto na wajukuu. Leo jamaa nyingi hutegemea ekari chache, ng'ombe mmoja au wawili, na kipande cha viazi. Ng'ombe akikauka robo mbili za kiwele, karo ya muhula imekwenda. Mtu mwenye mali kidogo hana nafasi ya kununua dawa kwa kubahatisha.

SELI NI NINI?

Nyumba ya mawe hujengwa kwa jiwe juu ya jiwe. Vivyo hivyo mwili wa ng'ombe, mti wa mparachichi na mkulima mwenyewe umejengwa kwa seli nyingi mno. Jicho haliwezi kuziona bila hadubini, kile chombo chenye vioo vya kukuza vitu vidogo.

Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome laini la mti, akakitazama kwa hadubini. Akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo, na neno hilo ndilo lililotupa neno letu "seli". Miaka michache baadaye, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, muuza vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek alijitengenezea vioo vyake mwenyewe. Mwaka 1676 aliandika habari za vijidudu vidogo kabisa alivyoviona ndani ya maji. Baadhi ya vijidudu hivyo ndivyo tunavyoviita leo bakteria. Kisha Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839, wakaeleza kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

Ili upate kujua udogo wake, fikiri milimita moja imegawanywa sehemu 1,000. Bakteria wengi huwa na urefu wa sehemu moja au mbili tu. Seli nyingi za ng'ombe huwa na upana wa sehemu 10 hadi 30, na seli za mimea sehemu 10 hadi 100.

Seli zote zina mambo manne sawasawa. Kwanza, kila seli imezungukwa na utando mwembamba ambao huchagua kitu gani kiingie na kipi kitoke, kama askari wa lango. Pili, ndani yake mna ute wenye maji. Tatu, mna viwanda vidogo viitwavyo ribosomu, ambavyo hutengeneza protini. Nne, mna nyuzi za urithi ziitwazo DNA, ambazo ni kama daftari la maagizo: zinaieleza seli ifanye kazi gani na ijengwe namna gani.

Tofauti ndiyo yenye faida kwetu. Tuzitazame seli za aina tatu, moja moja.

SELI YA MNYAMA NI KAMA HEMA

Seli ya ng'ombe haina ukuta. Ina utando ule mwembamba tu, kama hema la turubai. Ndani yake maagizo ya urithi yamewekwa katika chumba chake chenyewe kiitwacho kiini. Kando ya kiini mna vyombo vingi vidogo viitwavyo mitokondria. Hivi ndivyo meko ya seli: humo chakula na hewa ya oksijeni huunganishwa ili seli ipate nguvu.

Kwa kuwa haina ukuta, seli ya mnyama hujikunja na kujinyoosha. Bila hivyo ng'ombe hangeweza kutembea, moyo haungepiga, na seli nyeupe za damu hazingeweza kujipenyeza katikati ya seli nyingine kwenda kupigana na vijidudu.

Maziwa nayo ni kazi ya seli. Ndani ya kiwele mna vifuko vidogo vingi vilivyozungukwa na seli za kutengeneza maziwa. Seli hizi huchukua sukari, mafuta, protini na maji kutoka katika damu, zikavigeuza kuwa maziwa. Ili ipatikane lita moja ya maziwa, damu ya lita 400 hivi au zaidi hupita katika kiwele. Ndiyo sababu ng'ombe wa maziwa asiyepewa maji ya kutosha hupunguza maziwa siku hiyohiyo.

SELI YA MMEA NI KAMA NYUMBA YA MAWE

Seli ya mmea ina utando, kiini na mitokondria kama seli ya mnyama. Lakini ina vitu vitatu zaidi.

Cha kwanza ni ukuta mgumu nje ya utando. Ukuta huu umejengwa kwa nyuzi za selulosi, kitu kilekile ambacho pamba na karatasi zimefanywa kwacho. Mti hauna mifupa. Kinachousimamisha ni kuta hizi.

Cha pili ni tangi kubwa la maji katikati ya seli. Tangi likijaa, seli husukuma ukuta wake na jani husimama wima. Tangi likipungukiwa na maji, seli hulegea kama mpira wa miguu uliopungukiwa na upepo, na hapo jani hunyauka.

Cha tatu ni vyombo vya kijani viitwavyo kloroplasti, ambavyo kwavyo jani huwa na rangi yake. Hivyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni dioksidi. Wanga wa kiazi na unga wa mahindi vyote vilianza katika kloroplasti za majani. Kwa hiyo majani yakiharibiwa na ugonjwa kabla ya wakati, viazi chini ya udongo havitapata cha kujijaza.

Sasa tunaweza kujibu swali la nepia. Nepia changa ina kuta nyembamba za seli, na ndani mna protini na sukari nyingi. Nepia ikizeeka, kuta hunenepa na kushikamana kwa kitu kigumu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoufanya ubao kuwa mgumu. Lignini haiwezi kumeng'enywa tumboni, tena huziba njia ya kuifikia selulosi. Ng'ombe hushiba, lakini chakula kimefungiwa nyuma ya ukuta. Basi ikate nepia ikiwa na urefu wa kati ya sentimita 60 na 100, uikatekate vipande vidogo, na uichanganye na majani ya jamii ya kunde kama desmodiamu. Ikizidi nyingi wakati wa mvua, usiiache ikomae. Ikate ufanye saileji.

BAKTERIA NI KAMA KIBANDA CHA CHUMBA KIMOJA

Bakteria ni kiumbe kizima chenye seli moja tu. Hana kiini wala mitokondria. DNA yake ni kamba iliyokunjwa, aghalabu yenye umbo la pete, ambayo imelala wazi katikati ya ute. Lakini bakteria wengi wana ukuta. Ukuta huu haukujengwa kwa selulosi kama wa mmea. Ni wavu wenye nguvu uliofumwa kwa sukari na vipande vya protini, na wavu wa namna hiyo haumo katika seli ya mnyama wala ya mmea. Shika neno hili, maana ndilo linaloeleza kazi ya penisilini.

Bakteria anahitaji ukuta huo sana. Ndani yake mna chumvi na vitu vingi vilivyoyeyuka, kwa hiyo maji huvutwa kuingia ndani bila kukoma. Ukuta ukibomoka bakteria hupasuka.

Kwa kuwa ni kibanda chepesi, bakteria huzaana upesi. Hukua kidogo, akajigawanya, wakawa wawili. Katika maziwa yenye joto baadhi yao huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Fanya hesabu mwenyewe: mmoja huwa 8 kwa saa moja, na kwa saa 7 huwa zaidi ya milioni 2. Ndiyo sababu maziwa ya jioni yakilala katika mkebe mchafu hukataliwa asubuhi. Bakteria wamekula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Osha kiwele ukikaushe, tumia vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu, na uyapoeze maziwa upesi. Maziwa yakipozwa mpaka digrii 4 za Selsiasi, bakteria wengi huzaana polepole sana.

UGONJWA WA KIWELE: SABUNI NA PENISILINI

Ugonjwa wa kiwele huletwa mara nyingi na bakteria wanaoingia kwa tundu la chuchu. Mwili wa ng'ombe hupeleka seli nyeupe za damu kwenda kupigana nao, na seli hizo huonekana katika maziwa. Ng'ombe aweza kuwa mgonjwa bila kiwele kuvimba na bila maziwa kuwa na mabonge. Hapo hasara huingia kimyakimya, maana robo iliyougua hutoa maziwa machache kila siku.

Mwaka 1957 wataalamu wa California, Marekani, walitangaza njia rahisi ya kuigundua hali hii, na hata leo inatumika. Kuna sahani yenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Unakama maziwa kidogo katika kila kikombe, unatia dawa kiasi kilekile, kisha unaizungusha sahani polepole. Maziwa ya robo nzima hubaki mepesi kama maji. Maziwa ya robo iliyougua huwa mazito kama ute wa bamia.

Kwa nini? Dawa hiyo ni ya jamii ya sabuni. Seli nyeupe za ng'ombe hazina ukuta, ni mahema. Sabuni huyeyusha utando wao, kiini hupasuka, na nyuzi ndefu za DNA humwagika zikashikamana. Huo ndio ute unaouona. Kadiri seli nyeupe zilivyo nyingi, ndivyo ute unavyozidi. Mpime kila ng'ombe walau mara moja kwa mwezi, lakini usimpime siku za kwanza baada ya kuzaa, wala anapokaribia kukaushwa, kwa maana seli huwa nyingi nyakati hizo hata kama hana ugonjwa.

Sasa tuje kwa penisilini. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, alipoona kwamba kuvu fulani lilikuwa likiua bakteria katika sahani yake. Penisilini huzuia bakteria asifume wavu wa ukuta wake. Anapokua na kutaka kujigawanya, ukuta huwa na mapengo, maji huingia, naye hupasuka. Ng'ombe haumii kwa njia hiyo kwa sababu seli zake hazina ukuta wa kubomolewa. Hii ndiyo hekima ya dawa nzuri: hupiga mahali ambapo adui anapo na mgonjwa hana.

Lakini si bakteria wote walio sawa. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alipata rangi ya kuwatenga bakteria katika makundi mawili. Leo tunajua kwamba kundi moja lina ukuta mnene ulio wazi, na kundi la pili lina ukuta mwembamba uliofunikwa kwa utando mwingine wa nje. Utando huo huzuia penisilini ya kawaida isiwafikie wengi wa kundi la pili. Tena wako bakteria wenye kimeng'enya cha kuikatakata penisilini, na bakteria huweza kupeana pete ndogo za DNA zenye maagizo hayo, kama majirani wanavyopeana mbegu.

Basi usinunue dawa kwa kuwa jirani aliitumia. Mwite daktari wa mifugo. Na akikuandikia dozi, imalize yote hata kama kiwele kimepoa siku ya pili. Ukiiacha nusu, unawaua bakteria dhaifu na kuwaachia shamba wale wenye nguvu.

Jambo jingine ni maziwa ya ng'ombe anayetibiwa. Usiyapeleke sokoni wala usiwape watoto mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Dawa ikibaki katika maziwa huweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Pia huwaua bakteria wema wanaotengeneza maziwa lala na mtindi, na mkebe wako mmoja waweza kuharibu tangi zima la chama cha ushirika.

MAHALI AMBAPO PENISILINI HAIFAI KITU

Isti Kosti huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria, ambacho huenezwa na kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia. Kijidudu hiki si bakteria. Ni seli yenye kiini chake, na haina ule ukuta wa wavu. Tena hujificha ndani ya seli nyeupe za ng'ombe na kuzilazimisha zizaane pamoja nacho. Penisilini haina cha kubomoa hapo. Dalili zake ni homa kali, kuvimba kwa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, na baadaye kupumua kwa shida. Iko dawa yake maalum, buparvakwoni, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema. Kila siku unayopoteza kwa sindano ya penisilini ni siku ambayo ugonjwa unapanda. Kinga ni bora: zuia kupe kwa josho au kwa kunyunyiza dawa bila kuruka zamu, na umwulize daktari wa mifugo habari za chanjo ambayo asili yake ni utafiti uliofanywa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970.

Homa ya mapafu ya ng'ombe, ile ya kuambukiza, nayo ni hivyo hivyo. Huletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria kiitwacho maikoplazma, ambacho ni bakteria wa ajabu kwa kuwa hana ukuta hata kidogo. Penisilini haimtishi. Ukiona ng'ombe kadhaa wanakohoa, wananyoosha shingo na kupumua kwa uchungu, usiwauze wala kuwahamisha. Sheria yataka upige ripoti kwa ofisi ya mifugo.

VIAZI: MNYAUKO SI UKUNGU

Wakulima wa Nyandarua, Molo na Meru wanajua uchungu wa shamba la viazi lililonyauka. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Lakini magonjwa haya ni mawili tofauti.

Ugonjwa wa ukungu hushika majani. Hutia mabaka meusi, na asubuhi yenye unyevu huonekana utandu mweupe chini ya jani. Kijidudu chake kina seli zenye kiini, na dawa za ukungu humzuia zikinyunyizwa mapema.

Mnyauko wa viazi huletwa na bakteria aitwaye Ralstonia. Huyu huingia kwa jeraha la mzizi na kwenda katika mabomba ya maji ya mmea. Mabomba hayo ni seli zilizokufa, ambazo ute wake umekwisha na zimebaki kuta tupu, zikiungana kama mifereji. Bakteria huzaana humo na kutoa utelezi mwingi hadi bomba likaziba. Matangi ya maji katika seli za majani hukauka, na mmea hunyauka ungali kijani, hata kama udongo una maji. Dawa uliyonyunyiza juu ya jani haimfikii aliye ndani ya bomba, na zaidi ya hayo dawa ya ukungu haikutengenezwa kwa ajili ya bakteria. Hakuna dawa ya shambani inayoponya mnyauko.

Unaweza kuupima nyumbani. Kata shina la mmea ulionyauka sentimita mbili au tatu juu ya ardhi. Ning'iniza kipande hicho katika gilasi ya maji safi, bila kuitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka mahali ulipokata, hao ni bakteria. Ukikata kiazi utaona pete ya kahawia, na ukikibana utelezi hutoka. Mara nyingi udongo hushikamana na macho ya kiazi hicho.

Ukikuta mnyauko, fanya hivi. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake vyote na udongo unaozunguka mizizi, ukauzike mbali na shamba. Usiutupe katika shimo la mbolea. Osha jembe na viatu kwa dawa ya klorini. Usirudishe viazi mahali hapo kwa misimu isiyopungua mitatu, wala usipande nyanya, pilipili au biringani, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na viazi. Panda mahindi, ngano au kabichi, na ung'oe kila kiazi kinachojiotea chenyewe. Mwisho, usipande mbegu ya soko. Tafuta mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS. Kituo cha utafiti cha Tigoni, karibu na Limuru, na shamba la ADC Molo ni mahali panapojulikana kwa mbegu ya viazi.

KIMETA: BAKTERIA ANAYEJIFUNGIA

Wako bakteria ambao mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda nene, wakalala. Bakteria wa kimeta ni mmoja wao. Ndani ya mzoga uliofungika hawezi kufanya ganda hilo vizuri, lakini mzoga ukipasuliwa na hewa ikaingia, hulifanya kwa wingi. Ganda hilo hustahimili jua, ukame na dawa nyingi, na huweza kukaa udongoni makumi ya miaka likingojea ng'ombe mwingine.

Kwa hiyo mnyama akifa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, usimpasue, usimchune, na usile nyama yake hata kama njaa ipo. Watu wamekufa kwa nyama ya namna hiyo. Wazuie watoto na mbwa, na upeleke habari kwa ofisi ya mifugo ili mzoga uzikwe shimo refu au uteketezwe. Chanja ng'ombe wako kila mwaka mahali ambapo ugonjwa huu umewahi kuonekana.

BAKTERIA WALIO RAFIKI

Tusiwalaumu bakteria wote. Seli za ng'ombe hazina uwezo wa kuvunja selulosi. Bakteria wa tumbo la kwanza ndio wanaoivunja, na tumbo hilo katika ng'ombe mkubwa wa maziwa huchukua lita 100 au zaidi. Kijiko kimoja cha maji yake kina bakteria wengi kuliko watu wote duniani. Huvunja kuta za majani, nao wenyewe wakipita kwenda mbele humeng'enywa na kuwa protini ya ng'ombe. Basi unapomlisha ng'ombe unawalisha bakteria kwanza. Ukibadilisha chakula, badilisha polepole kwa wiki mbili hivi. Ng'ombe akivunja ghala akala mahindi mengi kwa ghafula, bakteria wa asidi hushinda wenzao, na aweza kufa.

Katika mizizi ya maharagwe na njegere wako bakteria wengine, raizobia. Seli za mzizi huwapa sukari na makao, nao huchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa mbolea. Ng'oa mmea mmoja wakati wa maua, ukate kifundo cha mzizi. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi, nawe umwulize afisa wa kilimo habari za kuchanganya mbegu na bakteria hao kabla ya kupanda.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Penisilini hubomoa ukuta wa bakteria. Kijidudu kisicho na ukuta huo, kama cha Isti Kosti au cha homa ya mapafu, hakijali penisilini.

2. Maliza dozi, na usiuze maziwa mpaka siku za dawa ziishe.

3. Maziwa yakiwa mazito katika sahani ya kupimia, seli nyeupe zimekuwa nyingi. Tafuta ugonjwa kabla kiwele hakijavimba.

4. Kata nepia kabla kuta za seli zake hazijawa ngumu.

5. Pima mnyauko wa viazi kwa gilasi ya maji kabla ya kununua dawa ya ukungu.

6. Mzoga wa kifo cha ghafula usipasuliwe.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa skimu ufa huo ni yale maziwa yaliyoanza kuwa mazito katika kikombe kimoja tu, au mmea mmoja ulionyauka katikati ya mistari ya kijani. Ukiuona leo, chukua hatua leo.